Baba Mdogo Ndani ya Miwani

Mmeniuliza wengi. Mmeniuliza dukani, mmeniuliza baada ya ibada, na juzi mmoja wenu alinipigia simu nikiwa kwenye kiti cha daktari wa meno, mdomo wazi: "Adventina, ni kweli ulimfokea meneja wa watalii huko Kyerwa?" Ni kweli. Nilimfokea, na ningekuwa na mapafu ya ujana ningemfokea zaidi. Naandika ili nisiisimulie mara ishirini, maana kila nikiisimulia presha inapanda.

Chanzo mnakijua nusu. Mteja wangu mmoja wa vitenge, mwanamke mkarimu asiye na ubaya na mtu, alirudi kutoka matembezi ya Kagera akaingia dukani kwangu hapa Mwanza na cheti kilichotiwa fremu. Kimeandikwa kwamba yeye sasa ni "ndugu wa damu wa Karagwe", na pembeni kuna picha ya mzee wa kanzu na koti, kofia mkononi. Nikatazama, nikatazama tena. Alikuwa Baba Mdogo Bitegeko, mdogo wake marehemu baba yangu, aliyenilea Bweranyange tangu nikiwa na miaka saba.

"Ulifika kwake?" nikamuuliza.

Akacheka. "Kwake wapi, mama? Unavaa miwani mikubwa ya video, unamwona mbele yako kama yupo. Anakwambia maneno ya kwao, mhudumu anakutia punje ya kahawa mkononi, unameza. Mmekuwa ndugu! Mchezo mzuri kweli."

Mchezo! Kwa wasiotoka kwetu, niseme. Kuchanjiana, sisi tunaita omukago. Tunda moja la kahawa lina punje mbili. Wewe unameza moja, mwenzako anameza ya pili, zamani zikipakwa damu, na maneno yanasemwa. Tangu hapo mtoto wake ni wako, njaa yake ni yako, na akifiwa unakwenda hata kama unatambaa. Baba Mdogo alichanjiana na mtu mmoja tu maishani mwake. Mtu huyo alipokufa, Baba Mdogo alimlimia mjane wake kibanja, migomba na mibuni yote, mpaka watoto wakakua wakashika jembe wenyewe. Nilikuwa nampelekea uji huko shambani. Sasa undugu huo unatolewa kwa cheti na fremu.

Nilikuwa na deni jingine pia, la msiba. Mke wa Baba Mdogo, Mama Mdogo wangu, alifariki nikiwa nimelazwa hospitali, sikumzika. Nikafunga duka.

Mwanza hadi Bukoba

Siku hizi daraja jipya la ziwani limetuondolea kungoja kivuko, kwa hiyo basi letu lilikuwa na muda mwingi zaidi wa kuharibika nchi kavu. Lilikufa baada ya Biharamulo. Tulikaa kando ya barabara tangu saa tano mpaka saa tisa, fundi chini ya gari, miguu tu inaonekana.

Jirani yangu wa kiti alikuwa mama mmoja mwalimu wa chuo cha utalii, mtu wa maneno mazuri, amebeba chapati na mayai ya kuchemsha ambayo alinigawia bila kuulizwa. Nikamweleza habari ya miwani. Nilitegemea aguse kifua kwa mshangao. Badala yake akachangamka.

"Ndiko dunia inakokwenda, dada yangu. Mtalii wa sasa hataki kutazama tu. Hata bustani za wanyama wanaondoa vizimba, mgeni anataka kuwa ndani. Tunaita utalii wa kushiriki."

"Kushiriki nini?"

"Maisha ya wenyeji."

"Na wenyeji wanashiriki nini ya mgeni?"

Akafikiri, akanimenyea yai la pili. Sikumchukia, anafundisha anachofundishwa. Lakini nilikula yai lile kwa hasira mpaka likanikwama, akanipa maji, tukaanza kucheka wote wawili. Tuliingia Bukoba jua limeshazama, nikalala kwa binamu.

Bukoba hadi Kayanga

Njia hii ni lami nzuri na sina la kuilalamikia, ila nitalitafuta. Pale Kyaka, karibu na Mto Kagera, kondakta alishuka "dakika mbili" kununua samaki wa kukaanga. Tulimwona akichagua, akibonyeza, akibishana, akarudi na samaki mmoja. Abiria wote tulimsema kwa Kihaya, kwa Kinyambo na kwa Kiswahili. Akatafuna kwa lugha zote tatu.

Kayanga ikanipokea na ubaridi wake. Nikavaa sweta, nikateremka stendi, na kitu cha kwanza kunikabili kilikuwa bango: Baba Mdogo, mkubwa kuliko mlango wa kanisa, ananyoosha kiganja chenye kahawa. Chini yake: "Njoo Kyerwa, uwe ndugu." Bodaboda wawili walikuwa wamejikinga jua kwenye kivuli cha kidevu chake.

"Mnamjua huyu?" niliwauliza.

"Huyo ni babu wa matangazo," mmoja akajibu.

"Huyo ana jina!" nikasema, kwa sauti iliyomfanya muuza karanga ageuke.

Yule kijana akavua kofia ngumu. "Shikamoo mama. Samahani. Sasa unakwenda wapi?"

"Kwake."

Akanipeleka polepole kuliko bodaboda yeyote aliyewahi kunibeba. Nadhani aliogopa nikianguka nitamsema.

Kayanga hadi Bweranyange

Niliyajua yatakayonipata, na bado yalinipata. Uani kwa Baba Mdogo palikuwa pamefagiliwa na mtu asiyejua kufagia. Mama Mdogo alikuwa akifagia kwa mistari iliyonyooka kama ya vitabu vya hesabu. Kaburi lake liko kibanjani, nyuma ya nyumba, karibu na mgomba alioupanda mwenyewe. Nilipiga magoti pale nikalia kwa sauti, na Baba Mdogo alisimama kando akinisubiri nimalize, kofia mkononi, kama kwenye bango.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwana wange. Umepona?"

Mtu amefiwa, ananiuliza mimi kama nimepona.

Majirani walileta ndizi zilizopikwa na maharage na dagaa, tukala pamoja kwenye nyasi zilizotandazwa sebuleni, maana kwake bado watu walikuwa wanakuja kuhani, mmoja mmoja. Sikuwa na moyo wa kusema siku hiyo. Asubuhi nikamwonyesha picha ya cheti kwenye simu yangu. Aliishika mbali, kisha karibu.

"Walikuja mwaka jana," akasema. "Wawili na kamera. Walisema wanakusanya mila ili watoto wa shule wajifunze. Nikawauliza, nani anapokea kahawa? Wakasema hakuna, mzee, wewe sema tu ukitazama kamera. Nikasema maneno yote. Nikanyoosha punje moja huku." Akanyoosha mkono hewani. "Yangu nikaweka mdomoni."

"Ukaitema baadaye."

Akanirudishia simu. Yeye ni mzee wa kanisa la Kilutheri, hasemi uongo hata kwa mbuzi.

"Nilimeza. Wageni walikuwa wananitazama, Mama yako Mdogo amewaletea maji. Ningetemaje mbele ya wageni?"

Hapo nikaelewa kwa nini alikuwa amekonda kuliko msiba peke yake unavyokondesha. Mtu mwingine angeitema punje ile na mambo yakaisha. Baba Mdogo aliona haya, akaimeza, na tangu siku hiyo alikuwa anatembea na nusu ya kiapo tumboni, hajui nusu ya pili iko kwa nani.

"Huyu mama wa cheti, amemeza?"

"Amemeza, Baba."

"Wako wangapi?"

"Sijui. Kila wiki wanakuja."

Akakaa kwenye kigoda. "Adventina, mimi nina vibanja viwili na mgongo mmoja. Wakifiwa nitawafikia vipi? Na mimi nimefiwa, hata mmoja hajaja." Kisha akasimama, akaomba koti lake. "Twende. Nataka waniambie kiapo changu wamekipeleka wapi."

Bweranyange hadi Kyerwa

Kufika Omurushaka ni kitu kimoja, kutoka Omurushaka ni kingine. Dereva wa gari dogo alituambia amebakiza abiria mmoja. Alipopatikana, akasema amebakiza mwingine, maana yule wa kwanza alikuwa shemeji yake anayepunga upepo tu. Tulingoja saa mbili na nusu. Baba Mdogo hakunung'unika. Mimi nilinung'unika kwa niaba ya ukoo.

Mvua ilitupiga baada ya Nkwenda. Mahali fulani gari likateleza likasimama kwa upande, tukashuka, watu wa nyumba ya karibu wakatuita ndani. Mwanamke wa pale, Mkatoliki mwenye rozari shingoni, alitupa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama ilivyo desturi kwa mgeni yeyote. Hiyo ni kahawa ya kawaida, ya kukaribisha, haina kiapo. Baba Mdogo alichukua punje, akaitazama, akairudisha kikapuni.

Mama wa nyumba akashtuka. Kwetu kukataa kahawa ni kama kukataa salamu. "Nimekukosea nini, mzee?"

"Hujanikosea, waitu," akamwita kwa neno letu la heshima. "Kahawa imenichosha."

Nilitaka kulia pale pale. Mzee wa Karagwe, aliyezaliwa chini ya mibuni, anaogopa punje ya kahawa! Huo ndio utalii wa kushiriki. Nilimweleza yule mama habari yote wakati mvua inaisha, naye akasikitika mpaka akaweka mikono kichwani, akatufungia ndizi mbivu za njiani.

Kambini

Kambi yenyewe iko kilimani, upande wa kuelekea hifadhi, mahema makubwa yenye vitanda na bafu ndani. Jina lake silitaji. Wanajitangaza vya kutosha. Getini mlinzi alitutazama, akafungua kabla hatujasema neno.

"Mmechelewa! Wenzenu wa ngoma wameshavaa."

Kabla sijajibu, dada mmoja alikuwa ameshamvisha Baba Mdogo vazi la gome la mti juu ya koti, na mimi amenifunga lingine kiunoni, ananiuliza kama naweza kupiga vigelegele kwa dakika tatu mfululizo. Nilimwambia naweza kupiga kelele kwa muda mrefu zaidi ya hapo. Nikaomba meneja.

Wakatuketisha kwenye ukumbi wa chakula tungoje. Muda ulikuwa wa "mlo wa asili". Sahani kubwa nyeupe, vipande vitatu vya ndizi vimesimamishwa kama mawe ya jiko, jani moja juu. Baba Mdogo aliuliza kwa upole kama mpishi anaumwa.

Meneja akaja. Kijana wa miaka thelathini na kitu, nadhifu, jina lake Projestus, mtu wa Muleba. Alipomwona Baba Mdogo alifungua mikono. "Mzee wetu! Nyota yetu! Wageni wanakupenda!"

Hapo ndipo nilipofoka. Sitaandika yote. Nilimwambia picha ya mtu si ngozi ya swala ya kutundika ukutani. Nikamuuliza nani alimpa ruhusa, akasema mzee alikubali kurekodiwa. Nikamuuliza alikubali kwa ajili ya nani, akasema kwa ajili ya elimu, na wageni nao wanaelimika. Nikamwambia asiniletee maneno ya kuzungukazunguka. Watalii kutoka Dar es Salaam walikuwa wameshatoa simu wanatupiga picha, nadhani walidhani ni sehemu ya burudani, maana mmoja alipiga makofi.

Baba Mdogo akanigusa mkono. "Ngoja, mwana wange. Nataka kuona."

Projestus akatupeleka kwenye hema la miwani, akamkalisha kwenye kigoda, akamfunga lile dude usoni. Baba Mdogo alishika magoti yake. Mwanzo alitabasamu kidogo, akasema, "Koti hili nililipenda." Kisha akainua mkono wa kulia taratibu, akaunyoosha mbele, akapapasa hewa.

"Yupo," akasema.

"Nani, Baba?"

"Mama yako Mdogo. Anapita."

Nikaomba nivae na mimi. Sikutaka, lakini nilivaa. Nikajikuta uani Bweranyange. Baba Mdogo amekaa mbele yangu anasema maneno ya kiapo, na nyuma yake Mama Mdogo anatoka kibanjani na mzigo wa majani ya migomba kichwani, anavuka ua uliofagiliwa kwa mistari iliyonyooka. Akageuza uso upande wangu akasema, kwa sauti yake ile ya kukwaruza, "Wageni hawajanywa maji." Akaingia ndani. Video ilipokwisha ikaanza upya, akatoka tena na mzigo ule ule, hajautua.

Niliivua. "Huyu nyuma mnamfahamu?" nikamuuliza Projestus.

"Tulimwacha makusudi. Anafanya mandhari iwe hai."

Hai! Enyi rafiki zangu, nimeishi miaka hamsini na minne na sijawahi kusikia neno dogo likiuma namna hiyo.

Baba Mdogo ndiye aliyesema. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, wewe umeivaa miwani hii?"

"Mara nyingi, mzee. Mimi ndiye niliyeijaribu kabla ya wageni."

"Na kahawa?"

"Kahawa vipi?"

"Ulipoijaribu. Uliimeza?"

Projestus alianza kujibu kwa tabasamu lake la kazini, kisha nikaliona likimtoka usoni. Yeye si mtalii. Ni mtoto wa Muleba, babu yake na bibi yake wamemlea kama mimi nilivyolelewa, na alijua sawasawa anaulizwa nini. Angeweza kusema hapana. Dada wa magome alikuwa amesimama mlangoni, mlinzi naye amekuja kuchungulia.

"Nilimeza," akasema.

"Maneno niliyosema uliyaelewa?"

"Niliyaelewa, waitu."

"Wale wengine hawakuelewa. Wamemeza kahawa tu, Mungu awape afya. Wewe ulielewa." Baba Mdogo akasimama, akalivua gome la mti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kigoda. "Mke wangu amekufa, na umekuwa unamtazama kila siku. Mbona hukuja kuzika?"

Nilitegemea ubishi. Nilikuwa nimeshaandaa jibu la kila ubishi. Projestus alivua kofia yake yenye nembo ya kambi, akaishika kwa mikono miwili, na wageni waliokuwa kwenye foleni nje wakaanza kuulizana kuna nini.

"Sikujua kama amefariki," akasema.

"Hukuuliza."

Kurudi Bweranyange

Projestus alifunga hema lile kwa mkono wake, akawaambia wageni hakuna kahawa leo, akatupakia kwenye gari la kambi. Simu yake ililia njia nzima, wakubwa wake wa mjini, akaiacha ilie. Sijui kama hema hilo limefunguliwa tena tangu hapo, na bango la Kayanga nilipopita bado lilikuwepo, kwa hiyo msidhani hasira yangu imekwisha. Nimeshawaandikia barua mbili na nitawaandikia ya tatu.

Njiani Projestus alisimamisha gari Nkwenda akanunua kilo za sukari na sabuni, vitu ambavyo mtu huenda navyo msibani. Hakuna aliyemwambia. Baba Mdogo alikaa mbele, kofia magotini.

Tuliwakuta majirani watatu uani wamekuja kuhani, wanatungoja. Projestus aliomba jembe. Akaenda nyuma ya nyumba na viatu vyake vya kung'aa, akapalilia magugu yote yaliyoota kuzunguka kaburi, akayakusanya, akatandika majani makavu ya migomba kama inavyotakiwa. Alipomaliza, jasho linamtiririka na suruali imejaa udongo mwekundu, akaingia sebuleni akaketi chini kwenye nyasi, karibu na mlango, mahali wanapoketi waliochelewa.

Majirani wakamtazama Baba Mdogo, wanangoja waambiwe mgeni huyu ni nani.

"Ni ndugu yangu," akasema. "Mpeni maji."